Tafuta neno la daktari, usitafute ugonjwa

Mgonjwa wa siku hizi hutoka hospitali na karatasi mkononi, na kabla hajafika kituo cha daladala simu imeshatoka mfukoni. Anachungulia neno aliloandikiwa, analiandika herufi kwa herufi, anasubiri. Wapo madaktari wanaokereka na tabia hii. Wanasema mtandao unawatia watu hofu na kuwaletea chumbani wagonjwa waliokwisha kujihukumu. Kero yao naielewa, ila siungani nao. Karatasi ile inauhusu mwili wa huyo aliyeishika. Kama hakuelezwa imeandikwa nini, au alielezwa harakaharaka huku foleni inasukumana mlangoni, ataulizia kwingine, na ni haki yake.

Kinachonishughulisha ni namna ya kuulizia huko kwingine. Msimamo wangu ni mmoja: tafuta neno ulilopewa, usitafute ugonjwa usioujua.

Mwenye karatasi ana kitu kilichokwisha kupita mikononi mwa mtu aliyempima. Ameshikwa tumbo, ametolewa damu, amepigwa picha, na kutoka humo likaandikwa neno. Akilitafuta neno hilo anatafuta maana yake tu. Lakini anayeandika "kichwa kinauma upande mmoja na macho yanaona ukungu" anamwomba asiyemwona ampime. Mtandao haujui ana miaka mingapi, ana mimba au hana, presha yake ikoje, anatumia dawa gani. Utampa orodha inayoanzia kwenye kipandauso na kuishia kwenye uvimbe wa ubongo, na jicho la binadamu halikawii kutua kwenye lile lililo baya kuliko yote. Usiku huo hatalala, na kesho yake atakuwa hajui zaidi ya alivyojua jana.

Dalili zipelekee mtu. Nyingine hazina hata nafasi ya kutafutwa: mdomo uliokwenda upande, mkono uliolegea ghafla, maumivu makali ya kifua, mjamzito anayetoka damu, mtoto mwenye degedege. Hapo simu ni ya kuitia usafiri.

Sasa tuseme neno unalo. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoonewa, na ni jambo linaloniuma kuliko mengine yote katika habari hii. Andika neno la kitabibu kwa Kiingereza, na mara nyingi kurasa za juu zitakuwa za taasisi: Shirika la Afya Duniani (WHO), huduma ya afya ya taifa ya Uingereza iitwayo NHS, au MedlinePlus, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Andika ugonjwa uleule kwa Kiswahili, "uvimbe kwenye kizazi", "bawasiri", "PID sugu", "tezi dume", ukaone. Umeingia sokoni. Ukurasa unaanza vizuri, una ukweli kiasi, kisha unashusha dalili ambazo ni nadra kumkuta mtu mzima asiyekuwa na hata moja: uchovu, kiuno kuuma, tumbo kujaa gesi, kukosa hamu ya tendo la ndoa. Ukishajiona humo, chini kabisa kuna namba ya WhatsApp na dozi ya mwezi mmoja au mitatu. Sogea ukurasa mwingine wa muuzaji huyohuyo, utakuta dawa ileile inatibu vidonda vya tumbo, kisukari na upungufu wa nguvu za kiume.

Sina ugomvi na tiba asili. Tanzania ina sheria yake tangu mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili wanaoitoa. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayejifanya kamusi. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya ukurasa wowote wa afya liwe hili: aliyeandika anapata nini nikimwamini? Ukurasa wenye bei au namba ya kuagizia chini yake usiusomee maana ya neno, hata uwe umeandikwa kwa ufasaha kiasi gani na una picha ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Njia ya kulikwepa soko hilo ni fupi. Liandike neno kama lilivyo kwenye karatasi, acha nafasi, kisha ongeza jina la taasisi: MedlinePlus, au NHS, au WHO. Kwa neno hilo moja la ziada, wauzaji wengi husukumwa chini. MedlinePlus ina hata sehemu yenye maelezo ya Kiswahili, ingawa mada zake ni chache mno ukilinganisha na idadi yetu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, nayo ina makala za magonjwa. Baadhi ni nzuri, nyingine ni mistari mitatu isiyo na chanzo, kwa hiyo teremka chini ya makala uone imetegemea nini kabla hujaibeba.

Tuchukue karatasi moja tuisome pamoja, kwa sababu maelezo ya jumla hayamfikishi mtu mbali. Ni majibu ya altrasaundi ya tumbo la chini ya mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na aliyewahi kupima ataitambua lugha yake: "Bulky uterus with multiple intramural fibroids, the largest measuring 3.2 x 2.8 cm. Both ovaries appear normal. No free fluid in the POD." Chini yake, mbele ya neno "Impression", imeandikwa: "Uterine fibroids."

Anza na huo mstari wa mwisho. Panapoandikwa "Impression" au "Conclusion" ndipo mpimaji anapotoa kauli yake. Yote ya juu ni maelezo ya alichokiona. Wengi wetu huanzia juu, tunakwama kwenye neno la kwanza tusilolijua, hofu inaingia, na mstari wa mwisho hatuufikii tukiwa na akili timamu. Neno la kutafuta hapa ni "uterine fibroids". MedlinePlus na NHS zitakuambia jambo moja: ni uvimbe unaoota kwenye misuli ya kizazi, si saratani, na ni nadra mno kuhusishwa na saratani. Wanawake walio wengi huwa nao wafikapo miaka 50, wanawake weusi wakiupata zaidi na wakiwa na umri mdogo zaidi, na wengi wao hawajui kwamba wanao kwa kuwa hauwasumbui.

Ukishajua hivyo, panda juu. "Bulky" ni kwamba kizazi kimekuwa kikubwa kuliko kawaida, jambo la kutarajiwa kwa mwenye uvimbe. "Intramural" ni kwamba uvimbe umekaa ndani ya ukuta wa kizazi. Hili lina uzito wake, kwani ule unaojitokeza kwenye uwazi wa ndani ndio hasa unaojulikana kwa kuleta damu nyingi ya hedhi. Sentimita 3.2 ni kama upana wa vidole viwili. Ovari zote mbili ziko sawa. Na ile POD iliyomfanya mama wa watu akeshe ni "pouch of Douglas", nafasi iliyo nyuma ya kizazi, iliyopewa jina la mtaalamu wa Uskoti, James Douglas, aliyefariki mwaka 1742. Hakuna majimaji yaliyotuama hapo. Sentensi mbili kati ya tatu za karatasi hii ni habari njema, na mwenye nayo amekuwa akiisoma kama hukumu.

Kazi ya utafutaji inaishia hapo. Kinachofuata ni maswali ya kumrudishia daktari, na sasa mama huyu anayo: damu nyingi ninayotoka inatokana na uvimbe huu? Unahitaji kutolewa au kuangaliwa tu? Nirudi kupima lini? Aliyeingia chumbani na maswali hayo matatu kwenye kipande cha karatasi atatoka na mengi kuliko aliyeingia na hofu. Na aongeze moja kichwani mwake: uvimbe wa aina hii hutegemea homoni za uzazi, na kwa kawaida hunywea mwanamke akishakoma hedhi. Mwenye miaka 49 akinunua dozi ya miezi mitatu na uvimbe ukaanza kupungua, muuzaji ndiye atakayeshukuriwa.

Karatasi za maabara zina mtego mwingine. Tumezoea mtaani kwamba "negative" ni kitu kibaya. Kwenye vipimo vingi vya kutafuta vimelea na maambukizi, ndiyo habari unayoitaka. "No MPS seen" ni kwamba vimelea vya malaria havikuonekana. "Non-reactive" kwenye kipimo cha virusi vya UKIMWI ni kwamba kipimo hakikuonyesha maambukizi. "NAD" na "unremarkable" ni njia mbili za kusema hatukuona tatizo. Kwa upande wa tarakimu, usiitafute namba ikiwa peke yake. Kando yake huwa pamechapwa kiwango cha kawaida cha maabara hiyo, na iliyozidi au kupungua huwekewa H au L. Kupita mpaka kidogo hakumaanishi ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa upungufu wa damu kwenye himoglobini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito na 13 kwa mwanamume. Mwanamke mwenye 11.8 ana jambo la kuzungumza na daktari wake kwa utulivu. Mwenye 6 asikae mtandaoni hata dakika moja.

Kabla ya yote hayo, hakikisha neno lenyewe ni sahihi. "Hypothyroidism" na "hyperthyroidism" zinatofautiana kwa herufi mbili tu, nazo ni hali zinazokwenda pande mbili tofauti: katika ya kwanza tezi ya shingo inatoa homoni pungufu, katika ya pili inatoa zilizozidi. Ukikosea, utasoma ukurasa mzima wa ugonjwa wa mtu mwingine, tena usio wako kwa namna mbaya kabisa. Mwandiko wa hospitali tunaujua. Na mtambo wa kutafutia una tabia ya kulisahihisha neno bila kukuuliza, hivyo angalia juu ya majibu uone umetafutiwa nini. Dawa ya yote hayo hupatikana kabla hujainuka kwenye kiti: "Daktari, samahani, naomba uniandikie jina la ugonjwa kwa herufi kubwa." Sijui mhudumu mwungwana anayelikataa ombi hilo.

Vifupisho ndivyo vya kuogopa zaidi. Chukua PID. Kwa mwanamke mwenye maumivu ya tumbo la chini ni maambukizi ya viungo vya uzazi, yanayotibika kwa antibiotiki, na ambayo mwenzi wake naye anapaswa kuangaliwa kwa kuwa mara nyingi huanzia kwenye magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono. Lakini dereva wa lori mwenye maumivu ya mgongo akikuta "PID L4/L5" kwenye karatasi yake, hiyo ni diski ya uti wa mgongo iliyotoka mahali pake. Akiitafuta ilivyo, atasoma habari za mirija ya uzazi, na pengine mkewe atazisoma pamoja naye. Nyumba zimeingia ugomvi kwa mambo madogo kuliko hilo. Kifupisho kiulizie urefu wake kwa aliyekiandika. Usikitafute kikiwa uchi.

Lipo pia lile tulilolizoea wenyewe. "Mzee ana tezi dume," tunasema, kana kwamba tumetaja ugonjwa. Kila mwanamume anayo tezi dume. Ni kiungo chake, kama ini. Swali ni ina nini: imekuwa kubwa tu, hali iitwayo BPH, ambayo si saratani na huwapata wanaume wengi wakishavuka miaka 50, au ina saratani, au ina maambukizi. Hayo ni mambo matatu yenye tiba tatu. Anayeandika "dawa ya tezi dume" kwenye simu hawezi kupewa jibu la maana na mtu mwaminifu, kwa hiyo atapewa na asiye mwaminifu. Baba yako akishindwa kabisa kukojoa, au akikojoa damu, mpelekeni hospitali, na neno mtalitafuta mkiwa mmekaa kwenye benchi la kusubiri.

Wasioijua lugha ya Kiingereza vizuri hutumia kitufe cha kutafsiri. Kinasaidia, nami nakitumia kwa lugha nisizozijua. Lakini jihadhari na majina ya magonjwa. "Heart failure" ikigeuzwa neno kwa neno inakuwa "moyo kushindwa kufanya kazi", na msomaji anaona moyo uliosimama. Maana yake ni moyo usiosukuma damu kwa nguvu ya kutosha, na wapo watu wanaoishi nao miaka mingi kwa dawa na kwa kupunguza chumvi. Tahadhari kama hiyo iwepo kwa akili mnemba, ambayo sasa imeingia hadi ndani ya WhatsApp. Jibu lake hutiririka kwa Kiswahili kizuri, halisitisiti, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani linapokosea hutiririka vilevile. Iombe ikufafanulie neno, kisha ukalithibitishe kwenye ukurasa wa taasisi. Usiiombe ikuambie unaumwa nini au uache dawa ipi.

Hilo la kuacha dawa lisipite hivihivi. Watu husoma orodha ya madhara ya dawa ya presha, wakaogopa, wakaiweka kabatini, na wiki kadhaa baadaye wakapatwa na kiharusi. Orodha zile hutaja kila kilichowahi kuripotiwa. Katika vijikaratasi vingi vya dawa, lililoandikwa "rare" huwapata watu pungufu ya mmoja kati ya 1,000, na lililoandikwa "very common" huwapata zaidi ya mmoja kati ya 10. Tafuta maneno hayo kabla ya kuhesabu madhara, na ukiwa bado na wasiwasi mwone aliyekuandikia dawa ukiwa bado unaimeza.

Na kuna suala la siri. Katika familia nyingi msomaji wa Kiingereza ni mtoto aliye sekondari, naye ndiye anayekabidhiwa karatasi ya mama. Kwa malaria hakuna neno. Kwa maambukizi ya zinaa au kipimo cha virusi, mama ana haki ya kutosomewa na mwanawe. Shangazi, dada, au nesi wa mtaani anayeaminika atafaa zaidi. Vivyo hivyo picha ya majibu ukiituma kwenye kundi la WhatsApp, jina na namba ya faili vinakwenda nayo, na kundi halisahau. Andika neno lenyewe tu, utapata msaada uleule.

Yote hayo nimeyaelekeza kwa mgonjwa, lakini mzigo huu haukupaswa kuwa wake peke yake. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ili anayeshtakiwa aelewe anashtakiwa nini. Anayeumwa bado anapewa majibu kwa Kiingereza na Kilatini. Hatuwezi kusema lugha haitoshi. Kitabu cha David Werner kilichotafsiriwa kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari kimeeleza kwa Kiswahili chepesi magonjwa, dawa na uzazi, na waliokuwa wataalamu wa lugha pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walituachia Kamusi ya Tiba. Maneno yapo. Yamekaa kwenye rafu huku simu zetu zikijazwa na wauza dozi.

Sidai madaktari waanze kesho kuandika mafaili kwa Kiswahili. Mafunzo yao ni ya Kiingereza, na faili linasomwa na wengi. Nadai mstari mmoja. Chini ya kila majibu ya altrasaundi, eksirei au maabara anayopewa mgonjwa, uwepo mstari mmoja wa Kiswahili unaosema kilichoonekana na kinachofuata. Na Wizara ya Afya, pamoja na hospitali za Muhimbili na Ocean Road na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, waweke mtandaoni maelezo mafupi ya maneno yale yale yanayojirudia kila siku kwenye karatasi zao, yakiwa na tarehe na jina la mtaalamu aliyeyapitia, mepesi kiasi cha kufunguka kwa bando dogo. Maelezo mia mbili ya kwanza yangewatosha wagonjwa wengi sana. Wauzaji wameshika ukurasa wa kwanza kwa sababu waliukuta mtupu.

Mpaka hapo, msomaji wangu, ukitoka hospitali wiki hii usiondoke dirishani bila jina la ugonjwa lililoandikwa kwa herufi zinazosomeka. Litafute kwenye taasisi, andika maswali matatu, kisha rudi. Kama nauli ya kurudi huna, Wizara ya Afya ina namba 199, na kuipiga ni bure.